Chini ya Falaji Hatajwi Mtu

Moza binti Sulayem alihesabu mara tatu. Vihisi alivyovitundika kwa mkono wake ndani ya falaji vilikuwa kumi na viwili, lakini kompyuta ilimwonesha kumi na vitatu. Hicho cha mwisho hakikuwa na jina. Pale ambapo vingine viliandikwa Seif, Humedi, Hilali na wengineo, chenyewe kilikuwa na nafasi nyeupe tu, na vyote kumi na viwili vilikuwa vimekichagua kiwe njia yao.

Hilo la njia ndilo lililomkera zaidi. Vidude vyenyewe havikuzidi ukubwa wa birika la kahawa. Kazi yao ilikuwa kupima maji ya falaji, yaani mfereji unaopita chini ya ardhi kutoka mlimani hadi kwenye mitende ya kijiji. Mawimbi yao hayafiki mbali ndani ya mwamba, kwa hiyo kila kimoja humpa jirani yake habari, jirani naye humpa wa mbele yake, mpaka zifike kwenye kituo mama juu ya paa la msikiti. Ili vijuane, kila nusu dakika kila kidude hupaza jina lake gizani: mimi fulani, kutoka kwangu hadi kwa mama ni hatua kadhaa. Anayesema yuko karibu zaidi ndiye anayebebeshwa habari za wote. Na huyu asiye na jina alisema yuko hatua moja tu, tena alisikika kwa nguvu kila pembe ya falaji, hata kule ambako Moza mwenyewe alikuwa ameshindwa kupenyeza mawimbi.

"Kuna mpuuzi anauchezea mtandao wangu," alimwambia kaka yake asubuhi ile.

Hilali alikuwa fundi wa falaji, kama marehemu baba yao. Aliweka chini mkate wake. "Mimi nilikwambia uvipe namba, dada'ngu. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Nani angekubali namba? Ulikuwepo kwenye kikao, ulisikia. Namba ni za mbuzi, wakasema."

Ndivyo ilivyokuwa. Wenye hisa za maji walikuwa karibu kushikana mashati, kila nyumba ikitaka kidude kibebe jina la mkubwa wake. Moza aliwapa walichotaka, akamaliza ugomvi. Ni Hilali peke yake aliyeguna. Mafundi wa falaji, tangu babu wa babu zao, wakishashuka hawaitani majina. Huitana "wa mbele" na "wa nyuma", au hugonga jiwe, basi. Chini hatajwi mtu. Moza alilijua hilo tangu utotoni, akalicheka. Chuma na betri vina roho gani?

Naye alipotaka kidude kimoja kiitwe Moza, kwa kuwa kazi ilikuwa yake, Ami Muhanna, msimamizi wa falaji, aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Jina la mwanamke lipigiwe kelele shimoni usiku na mchana? Hatuna haya sisi?"

Likaachwa.

Siku ya pili baada ya kile cha kumi na tatu kuonekana, jina la Seif lilitoweka kwenye orodha. Siku hiyo hiyo baada ya alasiri wanaume walikaa barazani, tende zikazungushwa, na Seif mwenyewe, mtu wa jina hilo, akanyooshewa finjani na binamu yake. "Shika, Seif." Seif hakugeuka. Akaitwa tena, na tena, wakaanza kumcheka kwamba mapenzi yamemziba masikio. Yeye akatazama kulia na kushoto, kama mtu anayemtafuta mgeni aliyetajwa. Halafu akainuka, akaenda kwenye mfereji, akalala kifudifudi na kunywa. Alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, na nduguze walipomvuta alitoa sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kwa binadamu. Moza alikuwa karibu. Pumzi ya Seif ilinuka nywele zilizoungua.

Kesho yake ikawa zamu ya Humedi.

Orodha ilikuwa inaliwa kwa mpangilio, kutoka mlimani kushuka chini. Wa tatu alikuwa Hilali. Moza alikaa mbele ya kompyuta, akatuma amri vidude vyote vizimwe. Majibu yalirudi kabla hajaondoa kidole. Seif, imezimwa. Humedi, imezimwa. Hilali, imezimwa. Akashusha pumzi. Kisha akakumbuka kwamba Seif na Humedi hawakuwamo tena kwenye mtandao, na kwamba amri yake, kama kila kitu kingine, ilikuwa imepitia mikononi mwa yule asiye na jina. Ndiye aliyejibu. Alikuwa amewajibia wote.

Adhuhuri ile wanawake waliokuwa wakikata majani ya mbuzi walirudi mbio, miundu wameiacha huko huko. Kwenye shimo la tatu la kushukia falaji, walisema kwa kunong'ona, kuna anayesoma. Anasoma jina moja, polepole, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayejifunza herufi, akikosea anarudia, akikosea anarudia, na kila akirudia anakaribia kulipata.

"Jina gani?" Moza aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

Walimtazama kwa chuki. "La kaka yako. Umetuletea nini wewe?"

Mwalimu Zahor, mganga kutoka kijiji cha pili, aliletwa asubuhi iliyofuata. Alisimama hatua ishirini kutoka kwenye shimo, akanusa, hakusogea zaidi.

"Msomee atoke," Ami Muhanna alimsihi.

"Nimsomee nani? Kisomo kinataka jina, nimwite kwa jina, nimfukuze kwa jina. Huyu hana. Alikuwa humu kabla ya babu zenu kuchimba, hana jina, hajui kutamani kitu. Wazee wenu walijua wakamwacha hivyo hivyo. Nyinyi mmemkalisha darasani." Mganga alitema mate pembeni. "Sasa anataka lake. Atajaribu la huyu, la yule, mpaka lipatikane linalomkaa vizuri."

"Na walioliwa majina?"

"Vidude vikitoka vyote kabla hajachagua, atatapika alichomeza. Vitolewe kwa mkono, leo, jua likiwa juu ya mashimo. Ashuke mtu ambaye jina lake halijawahi kutajwa humo. Na aliye juu asimwite. Hata akimwona anakufa, asimwite."

Wanaume wakatazama viatu vyao. Pale kijijini mjukuu hupewa jina la babu, na majina kumi na mawili yaliyokuwa shimoni ndiyo yaliyozunguka katika nyumba zote. Hapakuwa na mwanamume, mkubwa wala mdogo, aliyesalimika.

"Basi mwanamke," Ami Muhanna alisema kwa sauti ndogo.

"Haya imekwenda wapi, ami?" Moza alimuuliza. Hakungoja jibu, akaanza kujifunga kamba kiunoni.

Hilali akamshika mkono. "Hushuki."

"Niachie."

"Nimesema hushuki! Baba alikuacha mikononi mwangu."

"Na wewe ndiye unayefuata. Nikae nikutazame unakunywa maji kama punda mpaka upasuke? Kosa langu, nitalitoa mimi. Shika kamba, kaka, na ufunge mdomo."

Hilali alikuwa analia waziwazi mbele za watu, wala hakujali. Akaishika kamba.

Chini kulikuwa na baridi, na maji yalimfika Moza magotini. Aliianza kazi kule mlimani, kwenye shimo la kwanza, akichomoa kidude, akitoa betri, akivitia kwenye mfuko aliobeba mgongoni, kisha akiinama kupita kwenye mfereji hadi shimo linalofuata, huku Hilali juu akimfuata shimo hadi shimo na kumwangushia kamba upya. Cha Seif, kikatoka. Cha Humedi, kikatoka. Cha Hilali alikikuta kimegandwa na utelezi wa moto, moto kabisa, katika maji yale ya baridi, na alipokibandua alisikia mtu akivuta pumzi kwa hasira nyuma ya shingo yake.

Hakugeuka. Alikwenda cha nne, cha tano, cha sita, na kila alipopiga hatua ndani ya maji hatua nyingine ilipigwa nyuma yake, ikichelewa kidogo, na aliposimama ile nyingine ilipiga moja zaidi kabla ya kusimama, kwa hiyo kila mara ilikuwa karibu kuliko mwanzo, mpaka harufu ya nywele zilizoungua ikawa inamwingia mdomoni, akaimeza, na mwanga wa tochi yake ukawa mwekundu, mdogo, ukimulika mkono wake tu na kidude kilichomo mkononi. Wewe nani? iliuliza sauti ya Seif, taratibu, kwa adabu. Moza akauma midomo. Wewe nani? iliuliza sauti ya Humedi. Ikauliza kwa sauti za watu asiowajua, wa zamani, wanaume waliofukiwa humo wakichimba, ikabembeleza, ikatukana, ikalia kama kichanga, na yeye alichomoa cha tisa, akachomoa cha kumi, machozi na makamasi yakimtiririka, akirudia moyoni kwamba yeye si mtu, yeye ni wa mbele, ni wa mbele tu, na aliyeko nyuma ni wa nyuma.

Cha kumi na mbili kilitoka. Betri ikatoka.

Kukawa kimya. Na kutoka mbali, juu, alisikia vigelegele na mtu akipiga kelele kwamba Seif amefumbua macho, Seif anamuulizia mkewe, Humedi naye, alhamdulillahi, Humedi naye! Moza akaegemea mwamba, akacheka kimyakimya kwa furaha. Kaka yake amepona. Akakaa chini kidogo tu, ndani ya maji, apumzike.

Juu, kamba ililegea mikononi mwa Hilali. Akaivuta kumuuliza, haikuvutwa kumjibu. Akangoja. Akavuta tena. Alichungulia shimoni, akaona giza tu, na hakuona kitu kikisogea. Ami Muhanna alimrukia amzibe mdomo, mkono wa mzee ukachelewa.

"Moza!" Hilali aliita. "Moza! Dada'ngu Moza!"

Moza alifungua mdomo kumnyamazisha. Pembeni ya sikio lake, kwa sauti yake mwenyewe, tamu, iliyoridhika, mtu akaitika:

"Labeka."

Walimvuta juu akiwa hai, bila hata mchubuko. Jua lilimpiga machoni. Watu walikuwa wanakumbatiana, na mganga alikuwa ameanza kwenda zake kwa haraka, nguo ameishika juu ya magoti. Kijana mmoja mwenye macho mekundu alimkumbatia na kumtikisa, akilia, akimwita mtu. Moza, alisema, Moza, nisamehe, nitazame, Moza.

Yule mwanamke aligeuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa, asimwone. Alimhurumia kijana wa watu. Ilionekana alimpenda sana. Angependa kumliwaza, ila koo lilikuwa limemkauka mno.

"Samahani, kaka," alimwambia. "Maji yako upande gani?"