Kitu, Kitufe

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, kila siku baada ya masomo nilipitia nyumbani kwa shangazi kabla ya kwenda kwetu. Nilikuwa nikipiga hodi nikiwa nimeshaingia, naye alinijibu vilevile kila siku.

"Karibu, wewe uliyekwisha kujikaribisha."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Chapchap. Vua viatu, nimepiga deki."

Chapchap lilikuwa jina langu la utani. Nilikula chapchap, nilioga chapchap, na mama alisema hata usingizi nilikuwa nalala mbiombio. Methali ya haraka na baraka niliisikia mara nyingi mno, hata ikawa haiingii tena masikioni.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Alifanya kazi ya kupiga chapa ofisini kwa miaka ishirini na miwili, hadi maradhi ya macho yalipompofusha kidogo kidogo. Alipoacha kuona kabisa, ofisi ilimfanyia sherehe ya kumuaga na kumpa zawadi ya saa ya ukutani. "Wamempa kipofu saa ya ukutani!" alikuwa akisema, akicheka mpaka anakohoa. Saa yenyewe aliitundika sebuleni, wageni wamsomee.

Ni yeye aliyenifundisha kuchapa kwa vidole vyote kumi, kwenye mashine yake ya zamani iliyokuwa na kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikiinamia vitufe alijua, sijui alijuaje. "Macho juu!" alinikemea. "Vidole vina akili yao, viache vifanye kazi." Mchana ule katika chumba kile chenye harufu ya wino na sabuni, bado naukumbuka na kuutamani. Laiti ningejua wakati ule kwamba nilikuwa na raha, ningetembea polepole zaidi kwenda kwake.

Wenzake wa zamani walimletea kompyuta iliyotumika, yenye programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu mwenye mafua, lakini shangazi aliizoea upesi. Alitumia kibodi peke yake. Kipanya alikichomoa siku ya kwanza akanipa nikichezee. "Huyu panya hana kazi nyumba hii," alisema.

Jumatatu moja nilimletea habari. Shule yetu ilikuwa inatafuta mtu wa kuwafundisha wanafunzi kuchapa. Maombi yalipaswa kujazwa kwenye tovuti ya shule, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Shangazi aliweka kikombe chini. Uso wake ulichangamka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Nitaomba," alisema. "Tena nitaomba mwenyewe. Miaka sita sasa, mwanangu, kila kitu naandikiwa, najaziwa, natiliwa sahihi. Barua hii itaandikwa na vidole vyangu na itatumwa na vidole vyangu."

Nilivimba kichwa kwa fahari, kwa sababu fomu ile ilitengenezwa na chama chetu cha kompyuta, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya picha. Nilimwambia kwamba picha nilizichora mimi. Sikumwambia yote.

Yote yalikuwa hivi. Wiki mbili kabla ya hapo, mwalimu wetu wa kompyuta alitueleza kwamba vitufe vya fomu vilikuwa picha tupu: bahasha ya kutuma, pipa la taka la kufuta, mshale wa kuendelea, na kadhalika. Mtu asiyeona hawezi kujua ni picha za nini mpaka ziandikiwe maneno, ili kompyuta yake imsomee. "Kila picha iandikiwe kitu," alisema mwalimu. Picha zilikuwa kumi na moja. Programu ya ukaguzi iliweka alama nyekundu kwenye kila picha isiyo na maneno.

Siku hiyo tulikuwa na mechi ya mpira wa pete dhidi ya darasa la saba. Rafiki yangu Mapepe alitokeza kichwa dirishani. "Chapchap, tunakusubiri wewe! Golini hakuna mtu!"

Mwalimu alisema tuandike kitu, nami nikaandika "kitu". Niliandika neno hilohilo mara kumi na moja. Alama zote nyekundu zikatoweka kwa mpigo. Ikabaki karatasi ya ukaguzi, yenye maswali mawili. Je, umeijaza fomu yote bila kipanya? Je, umeisikiliza ukiwa umefumba macho? Nikatia vema, nikatia vema, nikaandika jina langu.

"Umefumba macho saa ngapi?" Mapepe aliniuliza.

"Nilipopepesa," nilimjibu. Tulicheka njia nzima mpaka uwanjani, na mechi tukashinda.

Jumanne na Jumatano nilibaki shuleni kwa mazoezi ya mpira, sikupita kwake. Alhamisi nilipopiga hodi kwa shangazi, sikujibiwa kama siku zote. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Shikamoo, shangazi. Umeshatuma?"

"Marahaba. Nimeacha," alisema. "Shule yenu haihitaji watu kama mimi. Hebu sikiliza."

Alibonyeza kibodi, na ile sauti yenye mafua ikaanza kusoma sehemu ya mwisho ya fomu. "Kitu, kitufe," ilisema. Akabonyeza tena. "Kitu, kitufe." Akabonyeza tena. "Kitu, kitufe."

"Kitu gani?" aliuliza shangazi. "Nimeuliza tangu juzi. Juzi nimebonyeza kimoja, barua yote ikafutika. Jana nikaiandika upya, nikabonyeza kingine, nikarudishwa mwanzo. Leo nimeandika kwa mara ya tatu, ikafutika tena. Barua ya kurasa mbili, Chapchap. Miaka yangu yote ya kazi imo humo."

Nilitazama skrini. Pipa la taka lilikuwa la kwanza, bahasha ilikuwa ya tatu. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia kazi yangu mwenyewe. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Iandike tena, shangazi, kisha mimi nikubonyezee," nilisema haraka. Nakiri kwamba sikumfikiria yeye peke yake. Nikimbonyezea, barua ingefika na siri yangu ingebaki salama.

"Na nikipata kazi, utakuwa unanibonyezea kila siku? Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Akatikisa kichwa. "Acha tu. Aliyeviandikia vitufe maneno huenda ni mtu mzima mwenye shughuli zake. Hakuniwaza, basi. Simlaumu."

Laiti angemlaumu! Angetukana, angepiga meza, ningeweza kunyamaza. Lakini ule upole wake ulinichoma kuliko fimbo.

"Shangazi, ni mimi," nilisema, na machozi yakanitangulia. "Picha nimeziandikia maneno mimi. Nilikuwa nakimbilia mpira, nikamtilia mwalimu sahihi kwamba nimekagua."

"Uliandika 'kitu'?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Nilidhani atacheka, kwa maana alikuwa mtu wa kucheka. Hakucheka. "Kesho asubuhi kamwambie mwalimu wako," alisema. "Mimi nimeshasikia. Lakini sahihi uliitia kwake."

Usiku huo nililala kama kila mtu, ila asubuhi nilitoka bila kunywa uji. Nilimkuta mwalimu kwenye chumba cha kompyuta, akifuta vumbi kwenye vibodi kwa kitambaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyepaza sauti, na ndiyo maana tulimwogopa.

"Mwalimu, nilidanganya kwenye karatasi ya ukaguzi," nilisema kabla sijapoteza ujasiri. Nikamweleza yote, hadi la kupepesa.

Alitoa karatasi yangu kwenye jalada, akaisoma, akaiweka mezani. "Maswali haya nayaandika kwa sababu siwezi kukaa na kila mmoja wenu," alisema. "Nikiona vema, naamini. Shule nzima ikaamini kwa sababu mimi niliamini." Kisha akavua mtandio wake, akanifunga macho, akaniweka mbele ya kompyuta inayosoma. "Haya. Tuma barua."

Nilihangaika. Kitu, kitufe. Kitu, kitufe. Nilijua kabisa picha zilivyopangwa, maana niliziweka mimi, lakini nilipotea vilevile. Niliposhtukia, sauti ilikuwa inasoma fomu tupu. Nilikuwa nimeandika maneno manne tu, na kuyapoteza kuliniuma. Shangazi alipoteza kurasa mbili, mara tatu.

"Sasa fungua macho, tufanye kazi," alisema mwalimu. "Saa sita si mbali."

Nilianza na bahasha. Nikaandika "bahasha".

"Bahasha inafanya nini?" aliuliza mwalimu.

"Inatuma."

"Basi andika hivyo. Asiyeiona hana haja ya kujua umechora vizuri. Anataka kujua akibonyeza kutatokea nini."

Nikaandika "Tuma barua". Kwenye pipa nikaandika "Futa yote", na mwalimu akanionyesha jinsi ya kuifanya fomu iulize kwanza, "Una hakika unataka kufuta?" Tukaongeza maneno ya kumjulisha mtu kwamba barua imefika, ambayo kompyuta ingeyasoma kwa sauti. Mapepe aliitwa aje kusikiliza, na safari hii mtandio ulifungwa barabara. Alituma barua mara tatu bila kupotea. Wenzetu walitoka mapumziko wakarudi, sisi hatukutoka. Sikuwahi kufanya kazi polepole namna ile maishani mwangu.

Saa tano kasoro robo mwalimu alimpigia shangazi simu. "Dada yangu, kosa lilikuwa letu," alimwambia. "Fomu tumeirekebisha. Tafadhali jaribu tena." Halafu akaniruhusu niende, kwa sharti moja: nisiguse chochote.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuandika nilipofika, na kibodi ilikuwa inalia bila kupumzika. Niliketi pembeni. "Mikono nyuma," aliniamuru, nami nikaifunga nyuma. Aliandika kurasa zake mbili kutoka kichwani, kisha akashuka mpaka chini ya fomu.

"Tuma barua, kitufe," ilisema sauti.

Alisita kidogo, akabonyeza.

"Barua yako imepokelewa. Asante."

Aliirudia kuisikiliza mara ya pili, na mara ya tatu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Aliitwa kwenye usaili pamoja na waombaji wengine wanne, na akapewa kazi. Siku yake ya kwanza alisindikizwa na mwalimu mpaka mlangoni, kisha akaingia darasani kwetu peke yake, mkono ukipapasa madawati mpaka akafika mbele.

"Nani ameandika maneno ya picha kwenye fomu niliyoombea kazi?" aliuliza.

Nilisimama, na kiti kikalia nyuma yangu. Aligeuza uso upande wa sauti ile.

"Mwanafunzi huyu alinifungia mlango," aliliambia darasa. "Alifanya kazi ili alama nyekundu iondoke, akamsahau mtu aliye upande wa pili. Hilo ni kosa, na nyinyi nyote mtalifanya siku moja, hata mimi nimelifanya. Lakini yeye alisema, 'Ni mimi.' Angenyamaza, nisingekuwa hapa, na nisingejua kamwe kwa nini. Mkitia sahihi kwamba mmefanya jambo, kuna mtu atakayeliamini, hata kama hamtamjua maisha yenu yote. Mfikirieni huyo kabla ya kalamu kugusa karatasi."

Kisha akatabasamu, akaniambia kwa sauti ile ya nyumbani, "Kaa chini, mwanangu. Na wote, vidole mezani. Tuanze."