Kengele ya Tatu

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu ya Utatu Mtakatifu, mpiga kengele wa parokia alishuka ngazi za mnara akihema, akamkuta padre anafungua mlango wa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada.

"Baba Padre, Roho hayupo!"

Padre akashika kitasa kwa mikono miwili. "Mzee wangu, maneno gani hayo asubuhi yote hii?"

"Kengele, Baba! Ile ndogo. Imeibiwa."

Kanisa lile lilikuwa na kengele tatu, na waumini walikuwa wameshazipa majina tangu enzi za babu zao. Kubwa iliitwa Baba, ya kati Mwana, na ndogo Roho. Kila aliyebatizwa pale alipigiwa zote tatu, moja moja, maji yakiwa bado yanamchuruzika kichwani. Mzee huyu, ambaye watu walimwita Babu Kengele, alikuwa amezipiga peke yake kwa miaka thelathini na mmoja. Na kesho yake watu wazima saba walikuwa wabatizwe.

Padre hakwenda kituo cha polisi. Alimpigia simu katekista wake.

Katekista huyo alikuwa mama wa miaka sitini na mbili, aliyefanya kazi ya upelelezi polisi mpaka akastaafu, na parokia nzima ilimwita Sajini. Upolisi alistaafu, kuuliza hakustaafu. Wakatekumeni wake, wale aliowaandaa kwa ubatizo, walikuwa wakisema ni heri mtihani wa mahakamani kuliko wa kwake.

Saa moja kasoro dakika kumi alikuwa mnarani na daftari lake. Alipanda ngazi thelathini na nane taratibu, akiangalia kila moja. Juu kabisa, kwenye boriti nene, zilining'inia kengele mbili. Nafasi ya tatu ilikuwa tupu. Nati nne zilizoishikilia zilikuwa zimepangwa kwenye ukingo wa dirisha, mstari mmoja, kama shanga. Kapi ya kuinulia vitu ilikuwa imepakwa grisi mbichi.

"Mwizi gani anapanga nati?" alijiuliza, akaandika.

Kufuli la mlango wa chini halikuvunjwa. Ufunguo mmoja alikuwa nao padre, mwingine Babu Kengele, na wa tatu ulitundikwa kwenye msumari sakristiani, mahali ambapo hata mbuzi angeufikia.

Alianza na Babu Kengele. Waliketi sakristiani, padre akiwa pembeni anakunja kanzu.

"Babu, mara ya mwisho uliiona lini?"

Mzee alimtazama mdomoni kabla ya kujibu. "Jana jioni. Saa kumi na mbili kamili nilizipiga zote tatu. Asubuhi hii navuta kamba, nyepesi. Napanda juu, patupu."

"Kuna mtu aliyekuwa na kisa nayo?"

"Kisa gani? Yenyewe ilikuwa mgonjwa. Mwaka sasa sauti yake inafifia, inafifia. Ndiyo maana Padre kamwita fundi aje aikague leo saa nne."

Wakati huo simu ya Sajini ililia mezani. Ilikuwa na mlio wa ndege, mwembamba, wa kupanda. Padre alishtuka hadi kanzu ikamponyoka. Babu Kengele aliendelea kumtazama Sajini, akingoja swali linalofuata, bila hata kupepesa kope. Sajini aliizima. Punde, nje, mtu aliburuta benchi, likanguruma, na mzee akageuka mara moja.

Sajini aliandika mistari miwili, akafunga daftari.

Kabla hajanyanyuka, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia aliingia, tai shingoni.

"Hakuna haja ya kusumbuka," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema jambo la aibu. "Jana saa moja kasoro robo jioni, mimi kwa macho yangu, nilimwona Chakavu akitoka geti la nyuma na mkokoteni. Juu yake kitu cha mviringo, kimefunikwa turubai."

Chakavu alikuwa muuza vyuma chakavu wa mtaa, na jina lilitokana na kazi. Alikuwa pia mmoja wa wale saba wa kesho, na msimamizi wake wa ubatizo alikuwa huyo huyo mwenyekiti.

"Mimi simsimamii mwizi," aliendelea. "Jina lake litoke kwenye orodha."

Padre alishusha pumzi. "Mpaka jambo hili liishe, haya, litoke."

Babu Kengele, aliyekaa karibu na dirisha, alitikisa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya mtu anayekubaliana na wakubwa. Sajini alimwangalia kwa muda mrefu kidogo.

Saa tatu alikuwa kwenye uwanja wa Chakavu. Vyuma vilikuwa vimepangwa kwa aina: shaba huku, bati kule, fremu za vitanda zimeegemezwa ukutani. Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya injini iliyokufa, na shati jipya jeupe, bado na mikunjo ya dukani, likiwa limetundikwa nyuma yake kwenye msumari.

"Umeshasikia?"

"Nimesikia, Sajini. Habari mbaya haina haja ya nauli."

"Jana jioni ulibeba nini?"

Alinyanyuka, akavuta turubai. Chini yake palikuwa na sufuria kubwa la jiko la parokia, limetoboka kitako. "Mpishi wa Padre kanipa. Muulize." Kisha akaligeukia shati jeupe. "Mama, mwaka mzima unanifundisha. Mungu mmoja, nafsi tatu. Nimekesha na somo hilo mpaka mke wangu kasema nitawehuka. Halafu nimwibe Roho siku moja kabla ya kumpokea? Hata wizi una akili zake."

Sajini alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu macho ya mtu yule yalikuwa na maji.

"Wakiona kutu," alisema Chakavu, "hudhani chuma chote kimeoza."

"Lifue shati lako, ulipige pasi," Sajini akamwambia. "Usilikunje tena."

Mshukiwa wa pili alikuwa mwokaji mikate, jirani wa ukuta kwa ukuta na mnara. Alikuwa amemwandikia padre barua nne za kulalamikia kengele. Aliamka saa nane usiku kukanda unga, hivyo alilala saa kumi jioni, na kila siku saa kumi na mbili aliamshwa. Sajini alimkuta akipakua mikate ya mwisho, nyusi nyeupe kwa unga.

"Sikuiba, lakini sitadanganya kwamba nimelia," alisema mwokaji. "Jana nililala kama mtoto mchanga."

"Kengele hazikulia jioni?"

"Zililia, mbili. Hizo nene nimeshazizoea, ni kama mke wangu anavyokoroma. Ile ndogo ndiyo adui yangu. Inanichoma sikio kama sindano! Jana haikulia. Nikasema, Mungu kaijibu barua ambayo Padre hajaijibu."

Kalamu ya Sajini ilisimama. "Una hakika? Saa kumi na mbili jioni, mbili tu?"

"Mama, mtu humjua adui yake."

"Na siku za karibuni, sauti yake haikufifia?"

"Ififie! Alhamisi imenirusha kitandani."

Sajini alinunua mkate, akatoka akitabasamu. Kama Roho hakulia saa kumi na mbili, basi kengele ilishashushwa kabla ya mkokoteni wa saa moja kasoro robo, na shutuma dhidi ya Chakavu ilianza kulegea. Na aliyevuta kamba saa kumi na mbili alijua, kwa maana kamba isiyo na kengele mwishoni haimdanganyi mkono ulioivuta miaka thelathini na mmoja.

Alirudi mnarani. Ghorofa ya kati ilikuwa stoo ya parokia: viti vilivyovunjika, zulia lililokunjwa, na kiti cha maungamo cha zamani, kile chenye mlango kama kabati. Vumbi lilifunika kila kitu isipokuwa mpini wa mlango ule. Sajini aliuvuta. Ndani, mahali anapoketi padre, Roho alikuwa ameketi, amefunikwa blanketi mpaka mabegani kama mgonjwa anayeuguzwa.

Saa nne na nusu fundi wa kengele aliigonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ilipanda, nyembamba, safi, ikazunguka ukutani.

"Nzima kabisa," alisema fundi. "Aliyesema inakufa, kasikia wapi?"

"Ndilo swali lenyewe," Sajini alijibu.

Saa tisa alasiri wote walikuwa sakristiani: padre, mwenyekiti, Chakavu, mwokaji, na Babu Kengele na mkewe. Sajini alisimama mbele ya Babu Kengele, uso kwa uso, akasema polepole, kila neno likionekana mdomoni.

"Kengele imepatikana. Haikutoka mnarani. Aliyeishusha aliipenda, maana alipanga nati zake na akaifunika blanketi. Aliishusha jana kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu leo saa nne fundi angeikagua na kusema ni nzima."

"Kwa hiyo si huyu?" Mwenyekiti alimwonyesha Chakavu kwa kidevu.

"Huyu alibeba sufuria." Sajini hakugeuka. "Babu, unajua kwamba Chakavu amefutwa kwenye orodha ya ubatizo kwa ajili ya wizi huu?"

Mzee aliinuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nani kafutwa? Lini?"

"Asubuhi, mbele yako. Ulikaa pale dirishani, ukatikisa kichwa."

"Sikusikia!"

Babu Kengele aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama mikono yake.

"Sikusikia," alirudia, na safari hii ilikuwa maungamo.

Akasimulia mwenyewe. Mwaka uliopita Roho alianza kumpotea. Kwanza alidhani ni upepo, kisha akadhani chuma kimechoka, akamlalamikia padre. Ijumaa, alipoambiwa fundi anakuja, ndipo alipojiuliza swali aliloliogopa: je, kama kengele ni nzima? Mpiga kengele asiyesikia kengele ni nani? Saa kumi jioni alipanda na spana na kapi.

"Nilitaka sikukuu ipite tu. Nipige hizi mbili ninazozisikia, nimalize kwa heshima. Wiki ijayo ningeirudisha na kusema nimeipata." Alimgeukia Chakavu. "Lakini sikujua wamekutaja wewe, mwanangu. Naapa, ningejua ningesema hapo hapo."

Mke wa mzee, aliyekuwa amekaa na mkoba mapajani, aliangua ghafla sauti ambayo wote walidhani ni kilio. Kumbe ni kicheko.

"Mwaka mzima!" alisema, akijifuta machozi. "Mwaka mzima namwambia leta chumvi, haleti. Namwambia funga mlango, hafungi. Nikasema moyoni, basi, ndiyo ndoa ilivyo ikizeeka. Kumbe mume wangu ni mgonjwa wa masikio, si wa adabu!"

Padre ndiye aliyefuata kucheka, kisha mwokaji, na hata Babu Kengele mwenyewe, aliyesoma maneno yale mdomoni mwa mkewe, akaficha uso kwa viganja, mabega yakitikisika.

Mwenyekiti hakucheka. Alilegeza tai, akamwendea Chakavu. "Nimekukosea."

"Umenikosea," alisema Chakavu. "Nimekusamehe. Lakini usimamizi wangu umeshaukataa mbele ya Padre, na mimi sipendi chuma kilichokatika kikaungwa haraka." Akamgeukia mzee. "Babu, kesho sina msimamizi."

Babu Kengele alikuwa amemwona vizuri akisema, lakini aliomba arudie. Alirudia.

"Mimi? Mimi niliyekuponza?"

"Wewe uliyeinuka mpaka kiti kikaanguka."

"Na kengele atapiga nani?" padre aliuliza. "Msimamizi anakaa chini, penye kisima cha ubatizo."

Mwokaji alijikuna nyusi, unga ukamdondokea. "Kama ni lazima iniamshe," alisema, "afadhali niipige mwenyewe."

Jioni ile walimrudisha Roho juu. Fundi alikaza nati, Chakavu alivuta kapi, Babu Kengele akamfundisha mwokaji kushika kamba: usiing'ang'anie, ivute kama unamwamsha mtu unayempenda. Mke wa Babu Kengele alichukua kamba ya Mwana, mwenyekiti akaomba ya Baba, kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kumwona nao. Chakavu alipapasa kengele zote tatu kwa kiganja cha mtu anayejua kazi yake.

"Sajini, hizi zimemiminwa kutoka chungu kimoja. Chuma kimoja, sauti tatu. Si ndilo somo letu?"

"Usinimalizie somo kwa kengele," Sajini alimjibu. "Hizi leo tumeona zinaweza kutenganishwa. Mungu hatenganishwi. Ila umekaribia kuliko wote darasani, na maksi nitakupa."

Jumapili saa nne na dakika ishirini, kanisa likiwa limejaa mpaka ngazi za nje, Chakavu aliinama juu ya kisima cha ubatizo, shati jeupe limepigwa pasi hadi linang'aa. Mkono wa Babu Kengele ulikuwa begani kwake.

"Nakubatiza kwa jina la Baba," padre alisema, akamwaga maji, "na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Chakavu aliinuka, maji yakimtiririka masikioni. Kanisa lote likatulia, likisikiliza. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, Babu Kengele alikuwa chini, kati ya watu, akiingoja sauti kama wengine.

Ya kwanza ililia, nzito, akaisikia kifuani. Ya pili ikalia, akaisikia kwa shida, akatabasamu kwa kuwa ilikuwa ya mkewe. Kisha akainua macho darini na kungoja, na uso wake ukaanza kufifia, maana kwake palikuwa kimya.

Chakavu aliona. Aliushika mkono wa mzee uliokuwa begani kwake, mkono wake mwenyewe ukiwa bado umelowa, na huko juu mwokaji alipovuta kamba na Roho akalia, Chakavu akaugonga mkono ule kwa kidole mara moja, polepole.

Babu Kengele alifumba macho. "Amefika," alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiosikia vizuri, na kanisa zima likaitikia, "Amina!"