Ufuo wa Chaza Haufungwi Bila Wenyewe

Maji yalipokupwa, Verna alichukua ndoo na uma wa kuchimbia, akateremka ufuoni. Karamu ya kumkumbuka mama yake ilikuwa Jumamosi. Kijijini kwao, karamu ya marehemu bila chaza wa mchangani ni aibu tupu.

Lo! Ufuo mzima ulikuwa umezungushiwa kamba. Kibao kilisema: UTAFITI. KUCHIMBA MARUFUKU.

"Marufuku kwa nani?" Verna alifoka. Akairuka kamba, akaanza kuchimba.

Mtafiti kutoka mjini, Dakta Hollis, alikuja mbio. Nyuma yake alikuja Leland, mpwa wa Verna, mpima maji wa ofisi ya uvuvi ya kabila lao, wenyeji wa asili wa pwani ile.

"Mama, tafadhali toka. Tunapima asidi ya bahari. Tunawalinda chaza wenu," Hollis alisema.

"Wetu, halafu hukutuuliza? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja mwenyeji afukuzwe!"

"Shangazi, taratibu," Leland alisema. "Asidi ni kweli. Moshi wa magari na viwanda unaingia baharini, maji yanakuwa makali. Chaza wachanga wanashindwa kujenga maganda."

"Sikatai. Lakini ufuo usiochimbwa, mchanga hushikana, chaza wakakosa hewa. Na maganda ya chaza tuliokwisha kula tunayaponda na kuyarudisha hapa. Nani amwambie, kama haulizi?"

"Hayo maganda hupunguza ukali wa maji," Leland alimwambia Hollis. "Tungeyapima pamoja."

Hollis alikuna kichwa. "Wazo zuri. Ila mpango umeshapitishwa mjini."

"Basi upitishwe upya hapa! Haki ya kuchimba imo katika mkataba wa mababu zetu na serikali. Sitoki ng'o!"

Wanawake wengine walisikia kelele, wakaja na nyuma zao za kuchimbia. Walichimba mpaka maji yakajaa. Karamu ikafanyika, watu wakala wakashiba.

Baada ya karamu, wakubwa wa Hollis waliitwa kwenye ukumbi wa kijiji. Walibisha sana, lakini mkataba uliposomwa walikubali. Utafiti utaanza kwa ruhusa ya kijiji. Wanakijiji wawili wataingia kwenye kamati, nao watapiga kura. Majibu yataletwa kijijini kwanza. Sehemu moja ya ufuo itachimbwa na kuwekwa maganda, nyingine itaachwa, zilinganishwe.

Mwaka uliofuata, chaza wachanga walikuwa wengi zaidi upande uliochimbwa. Hollis mwenyewe alisimama ukumbini akalisema hilo.

Kisha wakaja watafiti wengine, na vyombo vyao garini. Hawakwenda ufuoni. Walibisha mlango wa Verna, mjumbe wa kamati, wakaomba ruhusa.

"Subirini nje," alisema. "Kwanza nimalize chai."