Mvua Iliyonyesha Kwingine

Rejeta ya gari ilipasuka saa sita mchana, katikati ya mto usio na maji. Mvuke ulimbabua dereva mikono yote miwili. Aliporuka nyuma, mguu ulinasa kati ya mawe ukavunjika. Mpima ardhi, kaka wa mkewe, alimkokota hadi kwenye kivuli chini ya ukingo.

"Shemeji," dereva alisema akisaga meno, "ramani yako inasema hapa pana mto."

"Upo, chini ya mchanga."

"Basi uite. Nina kiu."

Kwa miaka kumi na miwili mpima aliuchora mto huo mezani bila kuukanyaga. Hata hivyo alijua kwamba pale mwamba unapokatiza mkondo, mchanga wa upande wa juu hutunza maji kama mtungi uliofukiwa. Alichimba kwa sufuria, kisha kwa kucha, mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Jua lilipoinama, mchanga ulilowa. Akachuja maji kwa shati, akamnywesha mgonjwa.

Asubuhi homa ilipanda. Makazi ya wafugaji yalikuwa mwendo wa siku nzima.

"Nikupandishe juu kwanza?"

"Juu kuna nini? Mawe na jua. Hapa nina kisima na kivuli. Nikuombe nini tena, kitanda? Nenda. Usiporudi, dada yako atakuua."

"Nikirudi peke yangu ataniua vilevile."

Walicheka, midomo ikapasuka na kutoa damu. Mpima aliangalia mbingu: hapakuwa na wingu hata la dawa. Majedwali ya ofisini nayo yalisema mwezi ule ni mkavu. Akaondoka.

Alifika kwa wafugaji akitambaa. Kesho yake walirudi pamoja, watu wanne na punda. Njiani mzee aliyewaongoza alisimama, akanusa upepo.

"Umemwacha wapi hasa?"

"Mtoni, penye kivuli."

"Ndani ya mto? Juzi milimani kulinyesha!"

"Lakini huku hakujanyesha, mzee."

"Mto haunyweshwi na mvua ya huku, mwanangu."

Walikimbia. Waliusikia kabla ya kuuona. Maji mekundu yalijaa ukingo hadi ukingo, yakibeba miti mizima na mizizi yake. Gari halikuonekana hata paa. Mpima aliita hadi sauti ikamkauka. Wafugaji walimshika mshipi asijitupe.

Siku ya tatu ya kumtafuta walimpata dereva mbali bondeni, mahali mto unapochoka na kumezwa na jangwa. Walimzika juu, kwenye mawe na jua.

Wiki moja baadaye mpima alibisha hodi. Dada yake alifungua, akachungulia nyuma ya bega lake, akachungulia tena.

"Mwenzako yuko wapi?"

Yeye aliyezoea kutaja kila mahali kwa vipimo vya ramani alikunjua ramani, akaweka kidole pale mto unapomezwa na jangwa.