Mkongojo wa Jasusi Kwale

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo, migomba yangu yote hapa Mbaga ianguke leo kabla ya chai ya jioni. Nimestaafu, sina cheo cha kulinda, na sioni faida ya kumdanganya mtu.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kona kali ya barabara inayoshuka kutoka Mamba Miamba.

Jasusi Melkizedeki alilala kifudifudi katikati ya migomba, jicho kwenye darubini. Idarani jina lake lilikuwa Kwale.

Redio yake ya Motorola ikakoroma.

"Kwale, hapa Kiota. Unaona nini?"

Alikuwa Fortunata, mkuu wake, aliyekaa Same mjini nyuma ya duka la vifaa vya umeme.

"Fuso nyeupe. Magunia ya tangawizi. Chande mwenyewe ndiye dereva."

"Naisula?"

"Yumo. Kiti cha kati."

Chini ya ile tangawizi yalilala magogo ya msandali, yaliyokatwa kwa siri. Chande alikuwa akiwauzia wageni fulani, katika ghala ambalo idara nzima haikulijua. Naisula, jasusi mwenzake Kwale, alikuwa amejifanya dalali wa tangawizi kwa miezi miwili, na leo Chande alikuwa anampeleka kwa hao wageni. Alfajiri alimnyang'anya simu. Alishaanza kumtilia shaka.

Lori likipita bila alama, hakuna ambaye angejua Naisula kapelekwa wapi.

Kazi ya Kwale ilikuwa risasi moja tu. Kidude cha GPS, ukubwa wa harage, kina gundi puani, kinarushwa kwa bunduki ya upepo. Haina kelele. Kitako chake kinakunjwa, kwa hiyo bunduki nzima ilipanda mlimani ndani ya kikapu cha maparachichi na hakuna aliyeuliza.

Akavuta pumzi. Akalaza shavu.

Kitako kikacheza.

Kidogo tu, upana wa ukucha.

Pwii!

Kidude kikaruka juu ya turubai, kikazama bondeni. Fuso ikapita.

"Kwale, sioni kitu kwenye ramani. Umepiga?"

"Nimekosa."

"Mita arobaini, unakosaje? Jana si umeniandikia silaha iko sawa?"

Kwale aliishusha redio. Uso ulimwaka kana kwamba amepakwa pilipili.

Ni kweli, jana aliandika hivyo. Lakini jana hiyohiyo alipanda mlima ule unaosimama kama ukuta, na Mpare hapandi mlima bila mkongojo. Yeye wake aliuacha nyumbani kwa kuona jasusi mwenye mkongojo anafanana na babu anayekwenda kliniki. Nusu ya njia magoti yakagoma. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaitoa bunduki kikapuni, akakunjua kitako, akashika mtutu, akachomeka kitako ardhini, akapanda nacho. Saa mbili nzima, kilo themanini na nne zikiegemea bawaba moja. Alipofika juu kitako kilikuwa kimelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Jambo kama hilo unamwambiaje bosi wako? Akaandika: silaha iko sawa.

"Kwale," Fortunata aliita tena, sauti imeshuka. "Chande anaongeza magunia Maore, nusu saa hivi. Kutoka hapo mpaka Same sina mtu mwingine. Una vidude vingapi?"

"Kimoja."

"Na silaha?"

Kwale alikitikisa kitako. "Kitako kinacheza, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Fortunata hakupandisha sauti. Afadhali angemtukana.

"Itengeneze," alisema. "Naisula ana watoto wawili."

Kwale aliteremka na pikipiki ya Boxer aliyoikodi kijijini, kwa njia za mkato, matawi yakimchapa mashavu. Akaipita Maore, wapakiaji wa Chande wakiwa bado wameinama na magunia. Akasimama tambarare, karibu na Kisiwani, mahali ng'ombe walipokuwa wakila kando ya barabara. Mwenye ng'ombe hao alikuwa Lomayani, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni.

"Habari za ng'ombe, ndugu?"

"Wazima. Wako?"

"Sina."

"Aisee. Pole sana."

Kwale akalaza bunduki kwenye kiti cha pikipiki. Ilikuwa na magonjwa mawili.

La kwanza, bawaba. Pini ilikuwa imekula tundu lake, komeo haliumi. Akakaza bolti kwa spana namba nane mpaka ikagoma, na kitako bado kinacheza. Kukaza si dawa ya mwanya. Mwanya hujazwa. Akachana kopo tupu la soda, akakata utepe mwembamba, akauzungusha kwenye pini. Mzunguko mmoja, bado unalegea. Mitatu, pini haiingii. Akaweka miwili, akagonga kwa jiwe taratibu.

Kak!

Komeo likauma. Akatikisa. Kimya.

La pili likajitokeza alipolaza shavu. Kitako kile kilikuwa bomba tupu la plastiki, na ukikiegemea kinapinda kama jani la mgomba. Kilihitaji mfupa ndani. Akatazama huku na huku. Matawi ya migunga yote yamepinda na yana miiba. Macho yakaishia kwenye fimbo ya Lomayani. Imenyooka, kavu, imelainika kwa miaka ya kushikwa.

"Ndugu, naomba fimbo yako."

Lomayani alicheka mpaka ndama wakageuka. "Una bunduki, halafu unaniomba mimi fimbo?"

"Nataka kuiweka ndani ya kitako."

"Imefanya nini hata ikavunjika mgongo?"

"Iliangukiwa."

"Na nini?"

"Na mtu."

"Mtu gani huyo, tembo?" Kisha Lomayani akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Hii ni ya marehemu baba. Kwa nini nikupe?"

"Kuna mwanamke ndani ya lori linalokuja. Nisipolipiga vizuri, harudi nyumbani."

Lomayani aliacha kucheka. Hakuuliza zaidi. Alichomoa sime, akapima bomba kwa kidole, akaikata fimbo ya baba yake shubiri moja na nusu, akaichonga mwenyewe mpaka ikaingia kwa kubana.

"Sasa unataka lisimame?"

Akapiga mluzi. Ng'ombe thelathini wakaingia barabarani kama wenye barabara.

Fuso ikaja, honi juu. Chande akatoa kichwa dirishani.

"We mzee! Toa ng'ombe wako!"

"Wanatembea."

"Nitawagonga!"

"Gonga. Halafu ushuke uongee na wenyewe, tuko wengi humu porini."

Nyuma ya kichuguu, Kwale alilaza shavu. Kitako kilitulia kama jiwe la kusagia.

Pwii!

Tap. Kidude kikanata kwenye mbao ya bodi, chini ya turubai.

"Kiota?"

"Nakiona," Fortunata alisema. "Kinatembea."

Saa nane mchana, Land Cruiser tatu zilizingira ghala moja karibu na Kifaru. Chande alinyoosha mikono kabla hajaambiwa. Wageni wawili walitolewa nyuma ya magunia wakipiga chafya za tangawizi. Magogo yote ya msandali yakakamatwa.

Naisula alitoka mzima. Alimwendea Kwale moja kwa moja.

"Pale kwenye kona nilikuwa nasikilizia kidude kigonge bodi. Hakikugonga. Nimesafiri saa nzima nikijua niko peke yangu. Kwa nini ulikosa?"

"Upepo," Kwale alisema.

Asubuhi ile hata jani la mgomba halikutikisika. Naisula alimtazama tu.

Kwale akavaa miwani yake ya jua, akatupia begi begani, akaondoka kuelekea barabara kuu kwa mwendo wa mshindi. Masikio yalimwaka mpaka Same.

Hadithi hii nilimsomea jirani yangu, Mwalimu Swalehe, barazani kwake, siku nilipomrudishia bunduki yake ya upepo. Alikuwa ameniazima nifukuzie ngedere kwenye mahindi. Nilitegemea sifa.

Mwalimu aliipakata bunduki. Alikunjua kitako, akatikisa, akakibonyeza.

"Imekaza kuliko ilivyotoka kwangu."

"Jasusi yule fundi," nikasema.

Akakigeuza juu chini. Kwa msumari akachokoa udongo mwekundu kwenye matundu ya skrubu, ukifuatiwa na kipande cha nyasi.

"Mzee mwenzangu, kitako cha bunduki hukaa begani. Bega lako linaota nyasi?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

Mkewe, Ernesta, aliweka vikombe akakimbilia jikoni kucheka.

"Hakukuwa na lori," Mwalimu alisema.

"Hakukuwa."

"Naisula?"

"Hayupo."

"Ungeniambia umeipandia mlima, ningekucheka siku mbili, basi. Na hii fimbo humu ndani?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Kwa sababu Lomayani yupo. Nilikwenda kuitengenezea bunduki kule chini Kisiwani ili watu wa Mbaga wasinione, nikamkuta, na kwa kuona haya kusema ukweli nikamwambia yale ya mwanamke na lori. Alikata fimbo ya baba yake. Akaingiza ng'ombe barabarani. Nami nikawasha pikipiki, nikamwacha amesimama pale analisubiri lori.

Mwalimu hakutabasamu tena. "Una mbuzi wangapi?"

"Watatu."

"Mmoja si wako."

Kesho yake nilishuka na mbuzi jike mwenye mimba, yule niliyekuwa nikimtegemea. Safari hii nilishika mkongojo. Lomayani aliniona kwa mbali, akaja mbio, ameshika kile kipande cha fimbo kilichobaki. Hata hakumtazama mbuzi.

"Yule mwanamke," aliuliza, "alifika kwa watoto wake?"

Nikamwambia ukweli.

Alipokea kamba ya mbuzi. Mkono wangu hakuupokea.