Geji ya Marehemu

Tairi la mbele kulia lilichomoka kwenye rimu saa nne asubuhi, katikati ya jangwa, gari likikata kona kukwepa tuta la mchanga. Halikupasuka. Lilivuka ukingo wa chuma kama kiatu kikubwa kinavyotoka mguuni, rimu ikachimba mchanga, na usukani ukazunguka wenyewe ukaupiga mkono wa Fundi kabla hajauachia. Gari lilielemea upande, likakaa hivyo, likakataa kupinduka. Vumbi lilipotulia, kilichosikika ni mchanga tu ukikwaruza milango.

"Mkono umevunjika?" mkewe aliuliza.

"Umevunjika."

"Tairi la spea?"

"Si ndilo hilo tulilofunga jana nyuma." Jana yake, kwenye njia ya mawe, tairi jingine lilikuwa limepasuka kwa joto. Walilaumu mawe.

Fundi alikuwa mchimba visima, mtu wa mikono yenye sugu na maneno mengi. Mkewe alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka kumi na moja aliwatoa jasho wauza nyama na wauza mchele, na sokoni waliomwona anakuja walianza kupangusa mawe yao ya kupimia. Kiti cha nyuma alikaa Shangazi, dada wa marehemu baba yake Fundi, mwenye miaka sabini na miwili na ulimi usiozeeka. Walikuwa wanamrudisha kwake kwa njia ya mkato. Mwendo wa saa tano tu, Fundi alikuwa amesema.

Mkaguzi alimfunga mumewe mkono kwa khanga na kipande cha ubao, kisha akahesabu maji. Lita sita. Upande wa magharibi kilima cheusi walichokuwa wanakilenga kilianza kufifia, na nyuma yao alama za magurudumu zilikuwa zimeshafukiwa nusu.

"Nipe geji," Fundi alisema.

Geji yenyewe, ya kupimia upepo wa matairi, ilikaa kwenye mfuko wa ngozi. Ilikuwa ya shaba, nzito, na marehemu baba yake aliitumia miaka thelathini bila kupata ajali hata moja. Asubuhi, mchanga ulipoanza, Fundi alikuwa amepunguza upepo wa matairi yote manne hadi paundi kumi na nane kwa geji hiyo, ili yatanuke yasizame. Wiki iliyopita mziba pancha alimwambia kwa heshima zote kwamba geji yake inasema uongo. Fundi alimjibu kwamba geji ile ilianza kazi kabla mziba pancha hajaota meno.

Mkaguzi aliichomeka kwenye tairi la mbele la pili, lile lililobaki salama. Kumi na nane. Kisha akachomeka pampu ya umeme, yenye kisaa chake kidogo cha plastiki. Nane.

"Hicho ni kidude cha kuchezea," Fundi alisema.

"Labda. Kipimo kimoja hakina shahidi, na viwili vikigombana lazima aje wa tatu."

"Wa tatu atatoka wapi huku?"

Mkaguzi alipiga jeki, akasukuma ubao mpana chini ya tairi lile, akalishusha juu yake. Akachana karatasi mbili za daftari lake la kazi, akaziingiza chini ya tairi, moja mbele na moja nyuma, mpaka zilipokwama. Kati ya karatasi na karatasi ndipo tairi lilipokanyaga. Akapima kwa shibiri yake, ambayo aliijua kuwa sentimita ishirini kamili. Gari kama hili alishalipitisha kwenye mizani mara nyingi. Gurudumu la mbele lilibeba kilo mia sita, ikizidi kidogo ikipungua kidogo, na uzito huo ukigawanywa kwa eneo lililokanyagwa ndio upepo wenyewe.

"Upana shibiri moja," alisema. "Kama kweli ni kumi na nane, lingekanyaga urefu wa shibiri moja na vidole. Hili limekanyaga mbili na nusu. Limelala chini kama chapati, bwana. Ni nane. Geji ya baba inazidisha kumi."

Fundi alitazama mchanga. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu. Tairi la jana halikuuawa na mawe. Yeye ndiye aliyeliua, akidhani amelijaza.

Mkewe naye hakuwa na la kujivunia. Mizani ya soko zima aliikagua, lakini kipimo cha baba mkwe hakukigusa hata siku moja, kwa adabu. Mganga hajigangi.

"Toa kumi," Shangazi alisema kutoka ndani ya gari. Sauti ilikuwa nyepesi mno. "Toa kumi... toa kumi..."

Mkaguzi alimshika shavu. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, haina jasho hata tone.

"Anaweweseka," alinong'ona. "Tusipomtoa hapa leo, tunampoteza."

Tairi lililochomoka lilijaa mchanga kwenye kingo, na tairi lenye mchanga halikai kwenye rimu. Ilibidi lioshwe, tena kwa sabuni. Fundi alikadiria lita mbili. Mkaguzi alisimama na dumu mkononi akashindwa kumimina, maana kila bakuli la tairi lilikuwa bakuli la Shangazi.

Shangazi alifumbua macho. "Mwoshe huyo kwanza, mwanangu. Mimi hata nikinywa zote, sina magurudumu."

Wakamwaga maji. Fundi alielekeza kwa mdomo na kusaidia kwa mkono mmoja. Mkewe alizungusha kamba katikati ya tairi, akaikaza kwa spana mpaka kingo zikabana rimu, akawasha gari, akafungulia pampu. Upepo ulivuja, ukavuja, vidole vyake vikachubuka hadi vikatoka damu. Akakaza tena. Tairi likalia ta! likakaa mahali pake.

Walijaza matairi yote hadi kumi na nane ya kisaa cha plastiki. Kilima kilikuwa kimetoweka kabisa ndani ya vumbi la rangi ya kutu. Mkaguzi alishika usukani, Fundi alishika dira mapajani na kusema, "Kulia kidogo. Hapo hapo. Usikate kona kali." Wakaenda hivyo kwa saa tatu. Lita moja ilikwisha kwa matone kwenye midomo ya Shangazi, nyingine kwa kitambaa cha kifuani. Mara mbili Mkaguzi alisimamisha gari kusikiliza kama bado anapumua.

Saa tisa alasiri walitokea kwenye barabara, karibu na kambi ya wakarabati wa lami. Tabibu wa kambi alimtundikia Shangazi dripu bila kuuliza majina.

Kesho yake Shangazi aliamka, akamwona mpwa wake ameketi kando ya kitanda na mkono kwenye plasta.

"Mlidhani naweweseka," alisema. "Baba yako kila asubuhi alizunguka gari, tairi kwa tairi, midomo inamcheza: toa kumi, toa kumi. Miaka yote nilidhani ni dua yake ya safari. Mkeo aliposema kumi, ndipo nikaelewa."

Fundi alilia mbele ya Shangazi na mkewe. Alirithi geji, hakurithi hesabu yake, na hakuwahi kuuliza.

Alipopona alikwenda madukani kutafuta geji mpya, na swali moja tu: inakosea kiasi gani? Wauzaji walimsifia rangi na taa. Alileta nyumbani tatu, mkewe akazipeleka ofisini kuzilinganisha na geji mama ya serikali. Moja ilihesabu mpaka mia na sitini, ya malori, na huku chini kwenye kumi na nane sindano yake ilibahatisha. Ya pili iliyumba ilipodondoshwa mara moja. Walichagua ya tatu, yenye sura ya kawaida, inayoishia sitini na isiyohitaji betri, wakaitumia kwa magari yao yote mawili. Ile ya shaba ilirudi mfukoni mwake na kikaratasi: *Inazidisha kumi.*

Miezi mitatu baadaye Shangazi alikuja tena kutembea. Siku ya kuondoka alisimama nje ya gari na fimbo yake, mlango uko wazi, akakataa kupanda mpaka mpwa wake amalize tairi la nne.

"Hiyo inakosea ngapi?" aliuliza.

Zamani Fundi angecheka. "Nusu paundi, Shangazi," alisema, akamwonyesha palipoandikwa mgongoni mwa geji. "Inapunguza nusu paundi."

Shangazi alisoma mwenyewe, polepole. Kisha akampa fimbo amshikie, akapanda.