Somo Lililofutwa

Jumapili hiyo soko la vitu vya kale la Monastiraki, Athene, lilijaa watu hata pa kukanyaga hapana. Evanthia, amevaa koti la kijani lililochakaa viwikoni, alishika bunda la karatasi za nota za zamani za mtunzi wa muziki wa kisiwa cha Kerkira. Upande wa pili wa bunda ulikuwa umeshikwa na mwanamume.

"Dada, achia, utazichana."

"Wewe uzishike za nini? Huna hata vidole vya mpiga piano."

Mwanamume alicheka. Aliitwa Stratis; aliwahi kufundisha muziki, na sasa kazi yake ilikuwa katika ofisi ya mitaala ya shule hapo Athene. Evanthia, kwa miaka tisa mwalimu wa mkataba, alifundisha historia ya muziki wa kisanaa wa Kigiriki katika shule ya muziki mjini Patra. Waligawana nota, kisha wakanywa kahawa, kisha ikawa simu kila jioni. Stratis akimwita roho yangu, naye akimwita karani wangu, kwa kumchokoza.

Mwezi wa Mei waraka ukafika shuleni: somo lile limeondolewa nchi nzima. Chini kulikuwa na sahihi tano. Ya tatu ilikuwa ya Stratis.

Evanthia alimpigia akiwa bado amesimama ukumbini.

"Ulitia sahihi?"

"Nilitia. Eva, nisikilize kwanza..."

Alikata. Stratis alipiga simu siku nzima, na kesho yake, na wiki nzima, naye hakupokea. Hakulala wala hakula sawasawa. Darasani alifundisha watunzi wa Kerkira hadi kengele ya mwisho, na mwanafunzi mmoja alipouliza kama hayo yatatoka kwenye mtihani, aliendelea kuandika ubaoni. Somo likawa limekwisha, na mkataba wake wa Patra ukaenda nalo. Septemba akapangiwa Limnos, kisiwani, vipindi vya kuokoteza katika shule tatu.

Wakati anafungasha, mkuu wa shule, Bi Aspasia, alimwambia alilolisikia. Ofisi ya mitaala ililazimishwa kuchagua: ama lifutwe somo, ama zifungwe shule nne za muziki. Patra ilikuwa ya kwanza katika orodha ya shule hizo.

Evanthia alimpigia Stratis saa ile ile. Walikutana bandarini Lavrio siku Evanthia aliyosafiri kwenda Limnos, abiria wakiwapita na mizigo yao. Stratis alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Walitukataza. Na nilidhani nakulinda."

"Hukunilinda. Uliniacha nilie peke yangu, na tungeweza kulia wawili."

Stratis akamshika mikono, akamwomba waoane, hata kesho. Evanthia alimwangalia sana. Alikuwa anampenda bado, na hilo ndilo lililomtesa.

"Kule Limnos wanatafuta mwalimu mwingine wa muziki," alisema. "Hakuna anayetaka kwenda. Njoo tulifundishe pamoja hilo mlilolifuta, hata bila ratiba. Ukija, nitakuwa mkeo."

Stratis aliitazama meli. Kazi yake ya ofisini ilikuwa ya kudumu, na watu walisubiri miaka kumi kuipata. Honi ya meli ikalia.

"Alhamisi," akasema mwishowe. "Nitakuja na meli ya Alhamisi."

Alhamisi Evanthia alifika mapema kwenye gati la Limnos, amevaa gauni la bluu, nywele amezisuka. Abiria walishuka, wanajeshi, wakulima, mama na mbuzi wake. Alisubiri hadi mlango wa meli ulipoinuliwa. Ndipo simu ikalia.

"Eva, niko nyumbani. Nilifunga begi. Nimelitazama tangu jana."

"Najua, Stratis."

"Nakupenda."

"Hilo pia najua."

Alikata taratibu, safari hii bila hasira, na hilo lilimuuma kuliko hasira. Akatembea hadi shuleni na gauni lake la bluu. Wanafunzi sita walikuwa wamebaki baada ya masomo kwa sababu aliwaomba. Akafuta ubao, akaandika: Kerkira. Kisha akageuka, akaanza kuwasimulia.